Simiti ya Siku ya Tano

Waliosema mwenda pole hajikwai hawakuwahi kuingia nyumbani kwa Kisilu. Pale Kyumbi, nyuma kidogo ya maduka yanayotazama njia panda ya kwenda Machakos, mkewe Kamanthe alikuwa akiingia mlangoni polepole, kama aingiavyo mtu mwenye karai la mapapai kichwani, na hiyo pole haikumsaidia kitu. Kisigino kilizama katika shimo la sakafu nyuma ya kizingiti. Shimo lenyewe alilijua miaka yote. Kila asubuhi aliuzungusha ufagio pembeni yake, kama mtu anayefagia huku mgeni amelala. Mapapai yalipasuka ukutani. Nyonga yake nayo ikavunjika.

Huo ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa tisini na saba.

Kisilu hakuwa mtu wa kutojua kazi ya kulaza kitu kikalala. Alizaliwa Ekalakala, akaja Kyumbi na kambi ya barabara akiwa kijana asiye na ndevu, na kambi ilipoondoka yeye alibaki. Miaka mingi alikula vumbi la maramu na moshi wa lami, akilainisha barabara ya Mombasa ili watu asiowajua wapite bila kutikisika. Alijua mawe makubwa yanakaa wapi na madogo wapi, na maji hupenda kujificha wapi. Lakini sakafu ya nyumba yake ilimwagwa kwa siku moja, asubuhi hadi jioni, kwa sababu wakwe wa kijana wao Mulwa walikuwa wanakuja kesho yake. Wageni waliingia simiti ikiwa mbichi bado. Wakala pilau, wakashiba, wakaimba nyimbo za kanisa wakipiga miguu chini. Mwaka haukuisha kabla ya sakafu kuanza kupasuka. Mulwa akamchukua mkewe wakahamia Mombasa, wakwe wakaisahau ile pilau, na mashimo yakabaki yanaila sakafu.

"Tutaitengeneza," Kisilu alikuwa akisema kila baada ya mavuno. Kamanthe alikuwa akiitikia, "Ee, tutaitengeneza," kwa sauti ya mtu anayeitikia amina.

Hospitalini Machakos walimlaza Kamanthe chali, mguu ukavutwa kwa kamba iliyopita juu ya chuma na kuning'inia kifuko kizito upande wa pili. Alilala hivyo wiki baada ya wiki. Mtu aliyezoea kukaa kando ya barabara akiyapigia magari kelele, "Papai tamu, mama! Papai ya kwangu haina mbegu!", sasa alizungumza na dari. Kisilu alikwenda kumwona siku za kuona wagonjwa, akiwa na uji ndani ya chupa ya chai.

Ni Sista Winfred, muuguzi wa wodi ile, aliyelileta neno la sakafu.

"Mzee, mama akitoka hapa atatembea na magongo. Sakafu ya kwenu iko aje?"

Kisilu aliangalia viatu vyake. "Ni ya simiti."

"Mwambie ukweli, Baba Mulwa," Kamanthe alisema kutoka kitandani. "Mwambie iko na mashimo ya kupanda mahindi."

Sista Winfred hakucheka. Alimvuta Kisilu pembeni, karibu na dirisha. "Sikiza, baba. Nyonga ya mtu mzima haingoji. Akifika nyumbani, ni lazima aanze kutembea wiki hiyo hiyo, kidogo kidogo, kila siku. Akilala tu, kile kiungo kitashikana na hatasimama tena. Na akianguka tena, hapo sisi hatuna kitu cha kufanya. Tafuta mahali pa sawa atakapokanyaga."

"Atatoka lini?"

"Mwisho wa mwezi wa kumi, daktari akikubali."

Basi Kisilu akarudi nyumbani na hiyo tarehe kichwani kama mtu aliyepewa yai alibebe mkononi kutoka mjini. Alimwita Nzomo, fundi wa mjengo kutoka Wamunyu aliyekuwa amepanga chumba pale Kyumbi, mtu mwembamba asiyeweza kufikiria bila kijiti cha kiberiti mdomoni. Wakaketi juu ya wilbaro iliyopinduliwa, wakaingoja chai.

"Wiki moja itatosha," Kisilu alisema.

Nzomo alikitoa kijiti mdomoni. "Wiki moja? Mzee, simiti si uji. Uji ukichemka unakunywa. Simiti ukishaimwaga ndiyo kwanza inaanza kuiva. Utainywesha maji asubuhi na jioni, wiki nzima. Halafu uiache ikauke. Ukiharakisha utapata ile ile ya wakwe."

"Ya wakwe usinikumbushe."

"Sikukumbushi. Iko hapo, tunaiangalia."

Wakaanza kupanga kinyumenyume, kama mtu anayeshuka mlima akiwa ameutazama. Siku ya Kamanthe kurudi iwe ndiyo ya mwisho. Kabla yake, wiki ya kukauka. Kabla ya hiyo, wiki ya maji. Kabla ya hiyo, siku ya kumwaga, na hiyo iwe Jumamosi, vijana wa kanisa wasipokuwa kazini, kwa maana simiti ikianza kukorogwa haingoji mtu akanywe soda. Kuvunja ile ya zamani kuwe mwanzo wa wiki hiyo. Kesho yake wajaze mawe na kushindilia. Kisha udongo ulale mwenyewe, na Nzomo aende kwao Wamunyu akamwone mama yake, arudi siku ya tano alfajiri, siku ambayo simiti itafika.

"Isifike kabla," Nzomo alisisitiza. "Nyumba itakuwa shimo tupu. Hatuna pa kuiweka. Na hilo wingu la juu ya vilima vya Iveti silipendi."

"Itafika siku ya tano," Kisilu alisema, "si mbele, si nyuma."

Walikuwa wanazungumza Kikamba, na kwa Kikamba hakuna siku inayomchanganya mtu. Ukitoka kanisani, siku inayofuata ni ya kuanzia, halafu ya pili, ya tatu, ya nne, kisha wakatano, ya tano. Waingereza huiita hiyo Friday. Waswahili huiita Ijumaa. Mkamba haihitaji jina, vidole vinamtosha.

Sasa ilibaki kupata simiti yenyewe. Kisilu alikuwa na mbuzi, na mwenye kutaka mbuzi alikuwa Korane, Msomali wa Machakos mjini aliyenunua mifugo vijijini na kuipeleka Nairobi kwa lori. Lori hilo halikupenda kurudi tupu. Likishusha mbuzi lilipakia simiti kiwandani Athi River, na njiani likamwachia kila mtu mzigo wake. Wawili hawa walifahamiana tangu siku za kambi, Korane alipokuwa akiwauzia maziwa ya ngamia ambayo hakuna Mkamba aliyeyamaliza.

Walikutana sokoni penye mifugo, wakaongea Kiswahili. Korane alimpapasa beberu mgongoni, akamfungua mdomo, akamwangalia meno.

"Huyu amekula vizuri kuliko wewe, mzee."

"Yeye hana mke hospitalini."

"Subhanallah. Mama anaendeleaje?"

"Anangoja sakafu."

Wakakubaliana mbuzi kwa mifuko, pale pale, mkono kwa mkono. Korane akauliza, "Unataka lini?"

"Siku ya tano, wiki ijayo."

"Jumatano?"

Kisilu aliisikia tano ndani ya neno hilo, ikiwa imekaa wazi kama jiwe kwenye mchele. "Ee. Tano. Isipite hapo, na isije mbele ya hapo."

"Haitapita, inshallah."

Tuseme ukweli, jina la Ijumaa Kisilu alilijua. Lakini kwake lilikuwa jina la msikitini, na aliona si adabu kumfundisha Mwislamu siku zake. Hayo ya Jumatatu na Jumanne aliyasikia redioni yakipita kama magari; kambini wasimamizi walitumia Kiingereza, na nyumbani walitumia vidole. Laiti angetamka Ijumaa, Korane angetikisa kichwa mara moja, kwa sababu siku hiyo lori lake halikupakia mzigo. Lakini hakuna aliyeitamka. Waliachana kwa furaha, kila mmoja na siku yake mfukoni.

Kazi ilianza kama ilivyopangwa. Sululu ya Nzomo iliing'oa sakafu ya wakwe vipande vipande, na chini yake wakakuta mchwa walikuwa wamejenga mji. Mawe yakajazwa. Kisilu aliyashindilia mwenyewe kwa gogo zito, akilala kifudifudi kila mara kutazama kama pamelingana, na kwa siku hiyo moja alionekana kijana. Hata wimbo wa kambini ulimponyoka.

Jumatano Nzomo alikuwa Wamunyu. Kisilu alifunga mlango, akaenda kumwona mkewe.

"Imefika wapi?" Kamanthe aliuliza kabla ya salamu.

"Mawe yamelala. Ukiyaona utadhani tunangoja rais apite."

"Na simiti?"

"Ya tano."

Kamanthe aliufunga mkono wake juu ya mkono wa mumewe. "Nikirudi nitaifagia mimi. Hata kama ni kwa gongo moja."

Sista Winfred alimwambia Kisilu asubiri, daktari angepita kesho yake asubuhi kusema tarehe. Akakubali kulala kwa ndugu wa ukoo pale mjini. Jioni hiyo mvua ilishuka. Ilikuja kwa kishindo juu ya mabati, mvua ya kwanza ya msimu, na watu wa nyumba wakatoka hadi barazani kuinusa. Kisilu alitoka nao. Aliwaza mbaazi zake zilizokuwa zinangoja, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Alhamisi, baada ya daktari kukubali ule mwisho wa mwezi, alipofika nyumbani, majirani wote walikuwa shambani wanapanda, wanaitana, wanacheka. Ilikuwa kama sikukuu. Yeye alisimama kwenye ua wake, akaona mifuko. Ilikuwa imepangwa vizuri, imebanwa ukutani kwa heshima, chini ya ukingo wa paa, pale pale maji ya mabati yote yanapomwagikia. Vijana wa lori walikuta mlango umefungwa, wakaona ukuta ndio mahali salama.

Aliushika mfuko wa juu. Karatasi ilibaki mkononi, laini kama ngozi ya mgonjwa. Kilichokuwa ndani kilibaki mahali pake, kimekwisha kujichukulia umbo la mfuko, na pembe zake, na hata mkunjo wa mshono. Akagonga kwa ngumi. Akagonga wa pili. Akakaa juu yake, kwa kuwa sasa ulikalika, na jirani mmoja akapita na jembe begani akapiga kelele, "Mzee Kisilu! Huendi kupanda? Leo Mungu ametukumbuka!"

"Nimeona," Kisilu akajibu.

Alirudi mjini siku hiyo hiyo, na tope hadi magotini. Korane alikuwa katika duka la nguo la mkewe Hoodo, anakunywa chai.

"Umeniua," Kisilu alisema mlangoni.

Korane alisimama. "Nini, mzee? Mama?"

"Simiti! Umeileta ya tatu! Nilikwambia ya tano!"

"Ulisema Jumatano, nikaleta Jumatano."

"Jumatano ni ya tatu!"

"Ya tatu ni Jumatatu, mzee. Hata jina linasema."

"Jumatatu ni ya kuanzia!" Kisilu alinyoosha vidole vyake vilivyopinda. "Ya kuanzia, ya pili, ya tatu. Hii hapa, ya tatu, ndiyo umeleta. Mimi nilitaka hii ya tano!"

Hoodo aliiacha nguo aliyokuwa akiikunja. "Ngojeni. Sisi kwetu Jumatano tunaita Arbaca. Ni ya nne."

Mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akichagua leso, akaangua kicheko. "Aiya! Siku moja! Huyu anaiita ya tatu, huyu ya nne, Waswahili ya tano! Kwani hiyo Jumatano iko na wazazi wangapi?"

Hata Korane alitabasamu. Halafu akaona uso wa Kisilu, akalificha tabasamu ndani ya kikombe. Alimvutia kiti. Alisema Mungu ndiye anayejua, kosa ni la masikio, si la moyo. Lori likirudi ataleta nyingine wala hataki mbuzi.

"Likirudi kutoka wapi?"

"Garissa. Limeenda leo asubuhi kuchukua mbuzi."

Lori halikurudi. Mtu anayeukumbuka mwaka ule haulizi kwa nini. Mvua iliyoanza siku ile haikujua kuacha. Redioni waliiita Elnino, na wazee wa Kyumbi wakadhani ni jina la mtu aliyewakosea. Mito ilivuka madaraja, barabara zikakatika, na lori la Korane likakaa ng'ambo ya maji na mbuzi wake hadi mbuzi wakaisha. Zile mbaazi za majirani zilizopandwa kwa kelele zilioza ardhini.

Nzomo alirudi kutoka Wamunyu siku ile ya tano alfajiri, kama alivyoahidi. Akaizunguka mifuko, akaigonga kwa mwiko, akasikiliza. Alivunja mmoja kwa nyundo, akakuta katikati konzi chache za unga.

"Hii inatosha kuziba tundu la panya," alisema. Kisha akaona aibu kwa kusema hivyo.

"Tukope kidogo dukani?"

"Maduka yote ya hapa nimeuliza, mzee. Hakuna. Na hata ikipatikana, angalia."

Walichungulia ndani. Maji yalikuwa yakipanda kutoka chini, kati ya mawe, yakiubeba udongo ule alioushindilia. Kazi ya barabara ilikuwa imemfundisha Kisilu kwamba udongo ukishakunywa hivyo huwezi kuubishia, unangoja jua. Na jua halikuwepo. Mpango wote, kuvunja, kushindilia, kumwaga, kunywesha, kukausha, ulikuwa umeshikana kama shanga, na uzi ulikatikia katikati.

Alimwomba Sista Winfred amwongezee Kamanthe siku. Naye alisikitika, kwa kweli alisikitika, lakini wodi ilikuwa imejaa watu wa homa, wengine wawili wawili kitandani.

Walimleta Kamanthe wakati ule ule uliosemwa. Hiyo tarehe peke yake ndiyo iliyotimia. Gari lilimwacha barabarani, na vijana wa kanisa wakambeba ndani ya kiti hadi mlangoni. Aliangalia ndani kwa muda. Palikuwa na matope, mawe yakitokeza vichwa, na kitanda kimewekwa juu ya matofali kama mashua iliyopandishwa.

"Sasa hii ni nini, Baba Mulwa?"

Akamweleza. Ya tano, Jumatano, Korane, mvua. Kamanthe alisikiliza mpaka mwisho. "Si ungesema tu Friday," akasema. "Hata mimi wa mapapai najua Friday." Hakusema kwa hasira, na hilo lilimchoma Kisilu zaidi.

Asubuhi yake walijaribu. Gongo la kwanza lilizama hadi karibu na mkono. Kamanthe akapiga yowe, akamshika mumewe shingoni, wakayumba wote wawili. Kisilu aling'oa mlango wa banda la mbuzi, banda lililokuwa limebaki na nafasi tele, akaulaza juu ya matope uwe njia. Ubao ulilowa, gongo likateleza. Alitandaza magunia. Magunia yakanywa maji. Kila siku alivumbua kitu, na kila siku Kamanthe alikubali mara moja tu, halafu akasema, "Basi. Nirudishe." Baada ya wiki kadhaa akaacha kukubali hata hiyo mara moja.

"Sista alisema utembee."

"Sista alisema nisianguke pia. Nichague lipi?"

Kisilu alichukua jembe. Akaenda nje kuelekeza maji yasiingie, kazi aliyoifanya hadi Krismasi, na baada ya Krismasi.

Jua lilikuja mwaka mpya ukiwa umekwisha kuzoeleka. Barabara zikafunguka. Siku moja Korane mwenyewe alifika kwa miguu kutoka kituoni, amekonda, kanzu imefungwa juu. Alimsalimu Kamanthe akiwa nje ya dirisha, akampa pole ya mguu, akampa Kisilu pole ya sakafu. Lori lilikuwa limepona. Simiti ilikuwepo.

"Sema siku, mzee. Sema kwa Kikamba, kwa Kiingereza, kwa vidole. Nitaleta siku hiyo."

"Lete siku yoyote," Kisilu alisema.

Sakafu ikamwagwa. Nzomo hakuharakisha kitu. Kamanthe alihamishiwa jikoni, na Kisilu akainywesha simiti asubuhi na jioni, akiwa ameinama na kopo, hata baada ya Nzomo kumwambia imetosha. Ilitoka sawa sawa, nyororo, ya kijivu, haina hata ufa wa nywele. Majirani walikuja kuiangalia, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Walipomrudisha Kamanthe chumbani, Kisilu alingoja watu waondoke. Kisha akaleta magongo, akamketisha ukingoni mwa kitanda, akamshika kwapani. Kamanthe aliweka mguu mzima chini. Ule mwingine haukushuka. Ulibaki umekunjika pale ulipokuwa, mgumu kama tawi. Aliusukuma kwa mikono yake miwili, akasukuma tena, jasho likamtoka.

"Ngoja kidogo," Kisilu alisema. "Tutajaribu kesho."

"Niinamishe."

"Nini?"

"Niinamishe, niiguse."

Alimshika kiunoni, akamteremsha taratibu mpaka mkono wake ukafika. Kamanthe aliulaza wote, kiganja na vidole, akaupitisha juu ya simiti huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kufagia.

"Ni nzuri," alisema. "Ina baridi. Sasa nirudishe, Baba Mulwa."